ThinkPad T480 ya mtumba: inunue, ila mulika tochi kwenye tundu la chaji kwanza

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba ya Ngamiani, Tanga, rafu zimejaa mashine nyeusi za pembe nne zisizo na pambo lolote. Nyingi ni Lenovo ThinkPad zilizomaliza muda wake kwenye ofisi za ng'ambo, zikashushwa Dar, kisha zikapakiwa kwenye basi kama mzigo hadi stendi ya Kange. Kati ya hizo, T480 ya mwaka 2018 ndiyo inayostahili pesa ya mtu wa Tanga leo. Sababu yenyewe si kasi, ingawa kasi inatosha. Vitu vinavyokufa mapema kwenye mji wa pwani, yaani betri, kibodi, feni na diski, vyote kwenye mashine hii vinabadilishwa kwa bisibisi moja ya nyota na mkono uliotulia. Kimebaki kimoja kisichobadilishika kwa urahisi, nacho ni tundu la chaji. Wanunuzi wengi hufungua kioo, hubonyeza kibodi, huuliza RAM ngapi, halafu hulipa bila kulitazama tundu hilo hata mara moja.

Kabla ya kubishana bei, igeuze mashine. T470 ya mwaka uliotangulia inafanana na T480 kama pacha, na si kila muuzaji anajua tofauti, au anataka uijue. Kibandiko cha chini kina herufi na namba nne za aina. T480 ni 20L5 au 20L6. Ukiona 20HD, 20HE, 20JM au 20JN, hiyo ni T470. Ukiona 20L7 au 20L8 ni T480s, dada yake mwembamba, ambaye hana betri ya kuchomoa nyuma na RAM yake moja imechomelewa kwenye ubao. Kibandiko kimekwanguliwa? Washa, bonyeza F1 wakati nembo ya Lenovo imetokea, na BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya Windows, itakwambia aina na jina la prosesa. Unatafuta i5-8250U au i5-8350U, zenye viini 4. Prosesa za i5 za T470 zina viini 2.

Tofauti hiyo si ya majigambo. Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8. T480 imeingia kwenye orodha kwa mlango wa mwisho kabisa. T470 imebaki nje. Mwenye bajeti ndogo na asiyehitaji Windows anaweza kuchukua T470 na kuiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, itaandika barua na kufungua intaneti bila manung'uniko, lakini basi ailipie bei ya T470.

Hapo hapo kwenye BIOS kuna jambo la pili. Ikiuliza nywila kabla ya kukuruhusu kubadili chochote, irudishe kwenye rafu. Hiyo ni nywila ya msimamizi iliyoachwa na ofisi ya zamani, na kuiondoa ni kazi ya kuchezea chipu ndani. Vilevile mashine ambayo ukianza kuipanga upya inakukaribisha kwa jina la kampuni fulani na kutaka barua pepe ya kazini, bado imesajiliwa kwa wenyewe. Kuna siku utapiga Windows upya na itakufungia nje.

Tundu la chaji

T480 ina matundu mawili ya USB-C upande wa kushoto, na yote mawili yanapokea chaji. Yamechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Mashine ikidondoka na waya ukiwa ndani, au mtu akiukwaa waya, kinachovunjika si kipande cha kununua na kupachika. Ni viungo vya risasi kwenye ubao, na vinahitaji fundi mwenye hewa ya moto na darubini. Tanga mafundi hao wapo, ila si kila kibanda chenye bango la simu ni cha kumkabidhi ubao wa kompyuta.

Upimaji wake unachukua dakika tano. Mulika ndani kwa tochi ya simu. Kile kiulimi cha katikati kiwe kimenyooka, kisiwe kimepinda wala kuchubuka. Unga mweupe au wa kijani kwenye vidole vya shaba ni kutu ya chumvi, na mashine iliyokaa dukani karibu na bahari huwa nayo hata kama haijawahi kumwagiwa maji. Mashine ikiwa imewaka, chomeka chaja tundu la kwanza na utazame alama ya betri kwenye kioo. Sukuma waya kidogo juu, chini, kushoto, kulia. Alama isipepese. Sasa geuza kichwa cha waya juu chini na urudie. USB-C ina safu mbili za vidole, kwa hiyo tundu linalochaji upande mmoja tu si tundu zima, hata muuzaji akikwambia mbona inaingiza moto. Fanya hivyo hivyo kwenye tundu la pili. Kisha unganisha simu yako kwa waya wa USB-C uone kama faili zinasomeka, na kama duka lina televisheni, jaribu HDMI pia.

HDMI ina sababu yake. T480 na ThinkPad kadhaa za miaka hiyo zilitoka kiwandani na hitilafu kwenye programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt, ile inayosimamia USB-C. Programu hiyo iliandika kumbukumbu zake kupita kiasi hadi hifadhi yake ndogo ikaharibika. Dalili zake ni USB-C kuacha kutambua vifaa, chaji kukataa, na mara nyingine HDMI kutotoa picha. Lenovo ilitoa sasisho la kurekebisha, lakini mashine ya ofisini ambayo hakuna aliyeisasisha inaweza kuwa bado inatembea na ugonjwa huo kimyakimya. Ukifika nyumbani, kazi ya kwanza ni kuingia kwenye ukurasa wa msaada wa Lenovo, kuandika namba ya aina yako, na kupakua sasisho la programu ya Thunderbolt. Lifanye betri ikiwa imejaa zaidi ya nusu na chaja imechomekwa. Usilifanye kwa mashine isiyo na betri, maana TANESCO wakikata katikati ya zoezi, umeua chipu. Iliyokwisha kufa hufufuliwa kwa kuiandika upya kwa kifaa cha nje, na hapo gharama inaanza kula faida ya mtumba.

Faida ya USB-C ni kwamba chaja moja inatosha nyumba nzima. Ya asili ni wati 65 au 45, zote volti 20. Chaja ya simu itafaa ikiwa kwenye kibandiko chake, mstari wa Output, imeandikwa 20V na wati zisizopungua 45. Isiyoandika 20V usiitegemee, hata ikiitwa ya haraka. Na waya nao una kikomo. Wa kawaida wa USB-C unabeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Mashine ikichaji polepole, badilisha waya kabla ya kulaumu betri.

Chaja nyingi za mtumba zinakuja na waya wa ukutani wa Ulaya wenye pini mbili za mviringo. Watu huzichomeka kwenye kigeuzi legevu kinachotoa cheche. Waya huo unachomoka kwenye chaja, kwa hiyo nunua wa pini tatu wenye fyuzi na ukitupe kigeuzi. Umeme mdogo wa jioni hauisumbui chaja, inameza kuanzia volti 100 hadi 240. Kinachoiumiza ni ule mshtuko umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa, subiri urudi na utulie, ndipo uchomeke tena. Mashine yenyewe ina betri, haina haraka.

Betri mbili, na namna zinavyodanganya

Hapa ndipo T480 inapozishinda mashine karibu zote za umri wake. Ina betri ndogo ya ndani ya watisaa 24 (Wh, kipimo cha umeme ambao betri inabeba), na nyingine ya nyuma inayochomoka kwa kusukuma vishikio viwili. Ya nyuma ilitoka kwa ukubwa tatu: 24, 48 na 72. Ya 24 inalala sambamba na mwili, zile kubwa zinatokeza chini na kuinua mashine kidogo. Ya ndani ikiwa na chaji, unaweza kuchomoa ya nyuma na kupachika nyingine bila kuzima. Mashine humaliza ya nyuma kwanza, ndiyo maana kwa kawaida ya nyuma imechoka zaidi.

Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike powercfg /batteryreport. Itakuandikia mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue, tafuta DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY, ugawe ya pili kwa ya kwanza. Betri iliyoundwa na mWh 24,050 (watisaa 24.05) na sasa inajaa 15,600 imebaki asilimia 65. Juu ya 80 ni bahati. Kati ya 60 na 80 ni kawaida ya mtumba. Chini ya 50 ihesabu imekufa na ukate bei ya betri mpya kwenye bei ya mashine, papo hapo, mbele ya muuzaji.

Ripoti nayo hukosea, kwa sababu mita ya ndani ya betri husahau. Kwa hiyo chomoa chaja, cheza video dakika 20, mwanga wa kioo nusu. Mashine itakula kama wati 10, sawa na watisaa 3.3. Betri nzima ya 24 itashuka takriban asilimia 14. Ikishuka 30, au ikiwa 60 kisha ghafla 9, ripoti ilikuwa inakupamba.

Ya ndani imelala chini ya mahali viganja vinapopumzikia. Ukiona plastiki ya hapo imevimba, au padi ya kipanya imekuwa ngumu kubonyea, betri imejaa gesi. Usiikandamize ikae, na usiiendeshe. Ni ya kutolewa.

Ukinunua ya nyuma mpya, ipime kwenye mizani. Ile ya 72 ina seli 6 za silinda, na seli moja ya aina hiyo ina gramu 45 hadi 50. Seli peke yake ni gramu 270 kwenda juu kabla ya ganda na saketi. Betri iliyoandikwa 72Wh ikasoma gramu 230 imejazwa hewa na maneno. Mizani ya kidijitali ya dukani inatosha, na hakuna ubishi unaoishinda.

Hesabu ya muda ni nyepesi: 72 na 24 ni 96. Kwa kuandika na kuvinjari, wati 8, ni saa 12 betri zikiwa mpya, saa 7 hivi zikiwa zimebaki asilimia 60. Kwa steshenari au ofisi ambako mashine haitoki mezani, ingia kwenye programu ya Lenovo Vantage, sehemu ya nguvu, uiambie ianze kuchaji ikifika 75 na iache ikifika 80. Betri ya lithiamu huzeeshwa hasa na mambo mawili, kukaa imejaa pomoni na joto. Joto la Tanga huwezi kulizima. Hilo la kujaa unaweza.

Kufungua

Usikimbilie mashine yenye RAM kubwa. Tofauti ya bei kati ya yenye GB 8 na yenye GB 16 ikizidi bei ya kijiti kimoja cha RAM, chukua ya 8 ukaongeze mwenyewe. Nafasi zipo mbili, na mara nyingi moja iko tupu. Kijiti ni DDR4 cha laptop, kasi ya 2400. Cha 2666 au 3200 kitakubali pia, kitashuka tu hadi 2400. DDR3 haitaingia, mkato wake uko pengine, usiisukume. Vijiti viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa husoma njia mbili kwa pamoja na picha za video hunyooka.

Kabla ya kugusa skrubu, ingia BIOS, Config, Power, uchague kuzima betri ya ndani. Mashine itajizima na haitawaka mpaka uchomeke chaja. Watu huruka hatua hii kwa kuwa wameshachomoa betri ya nyuma, wakisahau ile ya ndani bado inapeleka moto kwenye ubao. Bisibisi ikiteleza hapo, ndipo utasikia fundi anasema mazabodi imekufa yenyewe. Chomoa ya nyuma, legeza skrubu za chini (hazitoki kabisa, zinalegea tu), kisha tembeza kadi ya plastiki kando ya ukingo hadi vishikizo viachie. Kisu cha jikoni kinaacha makovu na kuvunja vishikizo.

Diski: zipo zilizokuja na SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5 na zipo zenye NVMe, SSD ya kasi zaidi, kwenye trei yake. Trei hiyo inapitisha njia mbili tu za PCIe, barabara ya data ya NVMe, kwa hiyo SSD ya bei kali ya kasi ya ajabu ni pesa iliyokwama foleni. Chukua ya kawaida. Ikiwa mashine haina kadi ya laini ya simu, nafasi yake inapokea SSD fupi ya saizi 2242, diski ya pili bila kutoa ya kwanza. Ikiwa imekuja na diski ya kuzunguka, hiyo ndiyo ya kubadilisha kabla ya kitu kingine chochote. Afya ya SSD uisome kwa programu ya CrystalDiskInfo.

Ukiwa umefungua, safisha. Shika mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza vumbi, yasizunguke kwa upepo. Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye bomba la shaba, ya miaka saba imekauka kama chokaa. Legeza skrubu za bomba la shaba kwa namba zilizochapwa kando yake, futa kwa isopropili (spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme), weka mpya kiasi cha punje ya mchele, funga kwa kufuata namba zile zile. Isopropili iwe ya asilimia 90 na zaidi. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji mengi mno kwa kazi hii. Hiyo hiyo isopropili na mswaki laini ndiyo dawa ya kutu ya chumvi kwenye matundu, betri zote mbili zikiwa zimezimwa na mashine ikaachwa ikauke vizuri. Kwa walio karibu na bahari, Raskazone na Sahare, mashine isifungiwe kwenye begi wiki nzima bila kuwashwa. Joto lake lenyewe ndilo linaloufukuza unyevu.

Vilivyobaki

Kioo ndicho udhaifu mkubwa wa T480. Zipo zenye 1366 kwa 768, na hizo ukiinamisha kichwa kidogo rangi zinageuka. Usiichukue hiyo kwa bei ya ile ya 1920 kwa 1080. Hata hiyo nzuri ina mwanga wa wastani, barazani mchana utaona sura yako.

Kibodi ni nzuri kuliko za mashine nyingi mpya, ila funua kama ina vibandiko juu ya herufi. Chini yake mara nyingi ni kibodi ya Ujerumani, Z na Y zimebadilishana, au ya Ufaransa, ambako hata A haipo mahali pake. Kibodi mpya inashikwa na skrubu mbili za chini zenye alama ya kibodi, ni kazi fupi. Iombee punguzo.

Kuhusu kupiga Windows, usilipie ya wizi. Leseni ya Windows iliyouzwa na mashine imo ndani ya ubao wake. Flashi ya GB 8 na programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi ya kusakinishia vinatosha, na Windows 11 ikiunganishwa na intaneti kwa kawaida hujithibitisha yenyewe. Vile vifungua leseni vya bure ndivyo vinavyoleta virusi, kisha mashine inarudi kwa fundi, analipwa mara ya pili.

Na muuzaji? Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, na wauzaji wa begi mgongoni ni hivyo hivyo. Mgosi, nunua kwa mwenye mlango unaofunguliwa hata kesho. Omba risiti yenye namba ya mashine, ile ya kwenye kibandiko, na wiki mbili za kurudisha. Hitilafu ya tundu legevu au betri inayodanganya hujitokeza ndani ya siku hizo. Asiyekubali hata wiki moja ameshakujibu.

Betri uliyoitoa isiende kwenye lundo la taka la mtaani, maana lundo hilo huchomwa, na lithiamu ikipata moto hailii taratibu. Ziba vidole vyake vya shaba kwa utepe wa umeme, iweke kwenye kopo kavu, mpe fundi anayepasua betri za laptop kutafuta seli za taa na redio. Mara nyingi ni seli moja au mbili zilizoua pakiti nzima. Zilizobaki na volti 3 na zaidi zikipimwa kwa mita zinaweza kufanya kazi nyepesi. Iliyoshuka chini ya volti 2 isichajiwe tena, hata ikionekana kupokea moto. Na ile ya ndani iliyovimba haipasuliwi kabisa.